Breki Zenye Adabu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimeipata! Pikipiki ya safari, ya Kijerumani, kubwa kama ndama aliyeshiba. Masanduku mawili ubavuni, kioo cha kukinga upepo, kiti cha nyuma chenye mgongo wa kuegemea. Ina miaka zaidi ya ishirini, lakini hata maaskofu ni wazee. Ukifungua ufunguo, kabla injini haijawaka, breki zenyewe zinalia: zzziii! Nimewaambia majirani kwamba ni kompyuta inasalimia. Ni nini hasa, sijui.

Imefika kwa wakati wake. Jumamosi muzee Harelimana, baba ya Umutesi, anashuka kutoka Kibumba kuja kuona nyumba yangu hapa Majengo, mjini Goma. Akiridhika, wazee wangu wanakwenda kuomba mchumba. Asiporidhika, miaka miwili ya kuchumbia imekwenda na maji. Nitamleta mwenyewe. Aone anamwoza binti yake kwa nani!

Siyo kwa Munyaneza. Huyo anashusha kabichi za muzee kila Jumamosi kwa chukudu yake, ubao mtupu juu ya magurudumu mawili ya mbao, na anamnyemelea Umutesi waziwazi. Hana injini. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu anachokanyaga kwa mguu. Mtu wa ubao!

Jumanne, tarehe 7

Aibu. Nilikuwa napita mbele ya meza ya mama Mapendo, muuza samaki, taratibu, ili nionekane vizuri. Mbuzi akakatiza. Nikashika breki kama nilivyozoea kwenye pikipiki yangu ya zamani, yaani vidole vyote vinne pamoja na sala. Pikipiki ikasimama palepale. Mimi sikusimama. Nikapita juu ya kioo, nikatua ndani ya beseni la sambaza.

Mama Mapendo hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza nani atanunua samaki waliokaliwa. Tumekula sambaza mchana na jioni.

Umutesi amekuja kunipa pole, akanitia hofu mpya. Mgongo wa baba yake ni mbovu tangu zamani. Mtu akimtikisa, hasamehe. Kuna shemeji aliyempitisha kwenye shimo moja tu, na hadi leo hawasalimiani.

Jumatano, tarehe 8

Kwa papa Kataliko, fundi. Mtu wa maneno machache, na yote ya kukatisha tamaa. Anasema ile zzziii ni pampu ya breki. Ukigusa kidogo tu, pampu inakumalizia kazi, na ile ABS inazuia gurudumu lisigande likateleza. Ndiyo maana niliruka. Ukizima ufunguo, pampu inalala, na breki inabaki na nguvu kidogo sana.

Akanitazama usoni, akagonga ufunguo wa pikipiki, ambayo hapa kwetu tunaiita moto. “Havugimana, usizime contact moto ikiwa inatembea. Umesikia?”

Nimesikia vizuri sana! Nimesikia kwamba dawa ya breki kali ipo, tena ya bure. Lakini sikumwambia. Mafundi hawapendi mtu atumie akili.

Alitaka pia nimwachie pikipiki siku mbili abadilishe mafuta ya breki, eti kwa sababu taa nyekundu inapepesa. Siku mbili, wiki hii! Nimeibandika taa plasta nyeusi. Haipepesi tena.

Alhamisi, tarehe 9

Jaribio. Nyuma ya nyumba, mahali tambarare, mwendo wa kuku. Nikazima ufunguo, nikashika breki. Ajabu! Ikasimama polepole, kama inaomba ruhusa. Hizi ndizo breki zenye adabu.

Mpango umekamilika. Motari gani wa Goma, mbeba abiria kwa pikipiki, asiyezima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta? Nilijua kuzima kabla sijajua kubadilisha gia. Jumamosi, tukishatoka Kibumba, nazima. Kimya. Hakuna mtikisiko. Muzee anasinzia kwenye mgongo wa kiti, anaamka mlangoni kwangu tayari ni mkwe. Sijui kwa nini watu wanateseka kwa kufikiri. Kwangu inakuja yenyewe.

Jumamosi, tarehe 11

Naandika kwa mkono mmoja tu. Wa kushoto umevimba, muzee aliung'ang'ania.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Muzee alivaa koti na kofia ya Krismasi, nikamfunga helmeti juu ya kofia. Munyaneza alikuwa ametangulia na kabichi zake. Mteremko ulipoanza nikaweka gia huru, nikazima ufunguo. Kimya kitamu! Muzee akasifu. Alisema, neno kwa neno, kwamba mashine hii ina heshima. Nilitokwa na machozi, na siyo ya upepo.

Kisha mwendo ukaongezeka. Nikagusa breki. Adabu. Nikabana. Adabu zaidi. Nikaminya mpaka vidole vikawa vyeupe, nikakanyaga ya mguu. Tukazidi kwenda.

“Havugimana, simamisha moto!”

“Iko nasimama, papa!”

Haikuwa inasimama. Ufunguo ulikuwa palepale mbele yangu, lakini mkono wa kulia ulikuwa kwenye breki, na wa kushoto ameukumbatia muzee huku akiimba wimbo wa mazishi.

Kabla ya kufika Kanyaruchinya tukaikuta chukudu. Munyaneza akageuka, akaona, akaelewa. Akajiweka mbele yetu makusudi. Gurudumu letu likazama kwenye magunia ya kabichi, naye akakanyaga kile kipande cha tairi kwa nguvu zote. Moshi! Harufu ya mpira! Tukasimama wote watatu, kabichi zikiendelea peke yake kuelekea Goma.

“Hamuyaumia, muzee?” akauliza yule mtu.

Muzee akajipapasa mgongo. Mzima. Akavua helmeti, akanikabidhi bila kunitazama. Akamuuliza Munyaneza, “Chukudu yako iko na nafasi ya mutu?”

Aliingia Goma amekaa juu ya kabichi zilizobaki. Chakula cha mchana alikula kwa Munyaneza. Wali wangu na sambaza wangu vilinikodolea macho hadi jioni. Nilitaka kulia, nikalia.

Jumapili, tarehe 12

Umutesi amekuja. Amelia, amecheka, amelia tena. Baba yake anataka mkwe anayejua atasimama wapi. Lakini mama yake, Mukamugema, amegoma. Anasema nyumba huhukumiwa na aliyeiona, na muzee hakuiona. Jumamosi ijayo atashuka yeye mwenyewe, na neno lake ndilo la mwisho.

Nafasi nyingine! Umutesi ameniomba jambo moja tu: nimlete mama kwa taxi-bus. Nikamwahidi kufikiri.

Jumatano, tarehe 15

Nimefikiri. Kosa halikuwa la ufunguo. Kosa lilikuwa kutegemea pampu. Nimekwenda kwa Munyaneza, nikameza kiburi, nikamwomba kipande cha tairi. Akacheka hadi akakaa chini. Akanipa viwili.

Nimevifunga juu ya gurudumu la nyuma kwa waya. Ukitaka kusimama, unakanyaga. Papa Kataliko amekuja kuona, akaondoka bila kuaga. Wivu wa kikazi.

Sasa mteremko wote ni wangu, ufunguo umezimwa kuanzia juu kabisa. Kuna shida ndogo moja: mguu wangu haufiki kwenye tairi. Wa abiria unafika vizuri.

Jumamosi nitamweleza mama Mukamugema wakati wa kukanyaga.