Dzombo na S ya Wingi

Dzombo aliapa kwamba wingi wa Kiingereza angeumaliza kwa siku moja, ya pili awape watoto mapumziko. Miaka sita ya kubeba sahani kwenye hoteli za Diani, alisema, ilikuwa imemfanya aote kwa Kiingereza, na kukoroma pia.

Bi Muhsina, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya binafsi huko Msambweni, alikuwa amepungukiwa na walimu, si akili. Akampa darasa la tatu kwa majaribio. Alhamisi wazazi wangekuja kuona kazi yake. Akifaulu, ajira ni yake.

Dzombo akaingia na tai nyekundu, akachora ubaoni S nene kama chatu aliyemeza kuku. Kimoja hakina S, akawaambia, vingi vina S. Mengine ni kelele za vitabu. Kwa hiyo mtoto ni "child", watoto "childs". Mguu "foot", miguu "foots". Darasa likaimba mpaka mbuzi wa jirani wakahama.

Kadzo, msichana wa miaka tisa asiyemeza neno bila kulitafuna, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, 'bus' ina S tayari. Hayo ni mabasi mangapi?"

Dzombo akaikaza tai yake. Kusema hajui kulikuwa ni kuvua tai na heshima kwa pamoja.

"Mengi," akajibu. "Likiwa moja ni 'bu'."

Watoto wakaandika. Mtoto mwenye adabu huandika anachoambiwa, na hapo ndipo penye balaa.

Alhamisi wazazi wakajaa. Bi Muhsina akamwita mtoto wa kwanza ubaoni aandike sentensi moja. Akaandika, kwa hati nzuri, kwamba alikuja shuleni kwa "bu". Babake, Mzee Menza fundi wa pikipiki, akauliza kwa upole bu ni gari la kampuni gani, maana vipuri vyake hajapata kuviona.

Dzombo akajitetea kwamba hicho ni Kiingereza cha hotelini. Bi Muhsina hakumfokea. Alimwonyesha nafasi kwenye dawati la nyuma, akachukua chaki, akatangaza zoezi la tahajia kwa wote waliokaa.

Dzombo akakaa, magoti yakimgusa kidevu. Neno la kwanza: panya wengi. Akaandika "mouses", akafuta, akarudia, akafuta tena, kisha akapeleka jicho pembeni.

Kadzo akaufunika ukurasa wake kwa mkono.

"Mwalimu," akanong'ona, "usiniibie."