Pikipiki na Vikombe vya Mkojo

Profesa hakuwahi kufundisha popote, ila alikuwa na miwani na mdomo mtamu. Siku alipoiona pikipiki mpya dukani, imefungwa utepe, zawadi ya mshindi wa mbio za wanawake za mji, moyo ulimdunda. Viatu vyake vilikuwa vimechoka kutembeza maneno juani.

Alimfuata kwanza Umeme, bingwa, akamnong'oneza kuwa Mshale, yule wa pili wa kila mwaka, anameza dawa ya mbio. Kisha akaenda kwa Mshale na habari ile ile, majina ameyageuza. Hakuna aliyetaka kudanganya, maskini. Kila mmoja aliogopa tu kuwa mjinga peke yake. Kila mmoja kwa siri akakubali kumeza vidonge vya Profesa: akishinda abaki na sifa, pikipiki iende kwa Profesa. Vidonge vyenyewe alivifinyanga jikoni kwake kwa unga wa ngano. Fundi cherehani, wa tatu wa siku zote, hakumwendea. Kwa nini apoteze unga?

Asubuhi ya mbio, wakimbiaji wamejipanga, akatokea dada mwenye koti jeupe na vikombe vya plastiki. Akatangaza kwa upole kuwa washindi watapimwa mkojo.

Umeme akashika tumbo. Mshale akakumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Wakatoka mbio, tena kwa kasi ambayo uwanja ule haujawahi kuiona.

Profesa akawafuata roho mkononi, akawakuta nyuma ya vyoo.

"Rudini. Ule ni unga wa ngano tu, nawaapia."

"Ulituapia pia kuwa ni dawa," alisema Umeme.

"Nilidanganya."

"Na sasa je?"

Kwa mara ya kwanza maishani Profesa alikuwa na ukweli mtupu, na hakupata mteja. Alimeza hata vidonge vitatu mbele yao. Mshale akamwambia ameze mpaka ashibe, yeye hana wa kumpima.

Alikuwa akirudi mjini kwa miguu, mnyonge, fundi cherehani aliposimamisha pikipiki ile ya utepe kando yake. Nyuma alikaa mdogo wake, koti jeupe limekunjwa mapajani, mshono bado mpya.

"Wote wawili walikuja kwangu kupimwa kaptura, kaka," alisema fundi. "Wakanieleza siri yao, kila mtu kwa wakati wake. Ulisahau kuwa na mimi nakimbia."

Mdogo wake akampa Profesa kikombe kimoja.

"Ni kisafi, hakijatumika. Utanywea maji njiani, safari ni ndefu."