Siku ya Dawa na Siku ya Maji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Basi, kama nilivyokuwa nasema kabla wifi hajapita dirishani nikafunika daftari kwa sufuria, mimi sikukusudia. Nilimwambia msusi tu. Kichwa kimeinamishwa, kitana kinavuta, mtu ukae kimya kama jiwe? Nikasema wifi yangu ana miaka hamsini na minne, si arobaini na saba kama anavyomwambia yule muuza nyama anayetaka kumwoa. Kadi yake ya kliniki nimeiona kwa macho yangu haya. Msusi akaapa kwamba neno halitoki pale. Lilitoka kabla nywele zangu hazijakauka!

Sasa muuza nyama kakata mguu, wiki ya pili hii. Wifi kanuna. Jana kasema mbele ya kaka yake, yaani mume wangu, kwamba aliyetoa maneno yale akijulikana, na akiwa ni mtu anayelala ndani ya nyumba hii, atatoka na kitanda chake kichwani. Nyumba ni ya wifi, kaachiwa na marehemu mumewe. Sisi katupa chumba na sebule. Mume wangu akatikisa kichwa, akasema ni haki kabisa. Maskini! Hajui kitanda chenyewe ni chake.

Daftari hili la hospitali. Wanafanya utafiti wa dawa ya usingizi. Nusu kaputi ile ile ya kupasuliwa, ila wanatia kidogo tu, usinzie, waone moyo, pumzi na ubongo vinafanyaje. Walitaka watu wenye afya wajitolee. Nikawa wa kwanza mlangoni. Mtaa mzima nimeutangazia: mwili wangu unasomwa na madaktari! Kila siku tuandike tumelalaje.

Nimelala vizuri. Mistari iliyobaki ni yangu.

Jumanne, tarehe 4

Balaa! Nimeongea na jirani yetu fundi viatu, aliyepasuliwa ngiri mwaka jana. Ananiambia dawa ile inalegeza ulimi. Eti alipokuwa anazinduka alimtaja mwanamke kwa jina, tena kwa mapenzi, na mkewe kamshika mkono. Jina halikuwa la mkewe.

Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Kisha nikakumbuka. Kila anayekwenda kwenye utafiti lazima awe na mtu wa kumsindikiza, akae kando ya kitanda mpaka uzinduke, akurudishe nyumbani. Mume wangu yuko zamu. Wifi kajitolea. Kasema nitakaa nawe, wifi yangu, sitabanduka.

Sitabanduka!

Nijitoe? Mtaa utanicheka. Na wifi atauliza kulikoni, na wifi akiuliza haachi.

Nikamwendea nesi. Kanieleza vizuri. Kila mtu anakwenda mara mbili, siku moja anapewa dawa, siku nyingine maji matupu ya dripu. Ipi inaanza, siri! Imo kwenye bahasha. Nesi hajui. Daktari wa usingizi mwenyewe hajui. Nikamwuliza, sasa mtu anakudunga kitu asichokijua? Akasema ndiyo utafiti wenyewe, ili mtu asione anachotaka kuona. Mimi nikipika hivyo si nitafukuzwa? Ila ulimi ulimteleza kidogo: mfamasia ndiye anayejua.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwendea mfamasia na mayai matatu. Nimemwomba anipangie siku zote mbili maji. Akafunga kidirisha. Nikagonga. Akasema kwa ndani, mama, ondoka na mayai yako.

Mpango wa pili: nijizoeze kulala mdomo umefungwa. Nimekunja kanga, nikaifunga taya mpaka utosini, nikajinyoosha chali, mikono kifuani. Usingizi ukanichukua kweli. Mume wangu akarudi kutoka kazini, akanikuta hivyo, akapiga yowe majirani wakajaa! Fundi viatu tayari alikuwa anauliza nani kanifunga taya. Nimeinuka kunyamazisha watu, wawili wakatoka kwa dirisha.

Nimelala vizuri, nusu saa.

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya kwanza. Sijala tangu jana usiku, ndiyo sheria yao. Nesi kanipima uzito, akanipima tena. Kanibandika vibandiko paji la uso, waya unakwenda kwenye mashine yenye namba. Kasema mtu aliye macho yuko juu karibu na mia, akizama namba inashuka. Sindano nyuma ya mkono. Wifi kaketi kando, mkoba mapajani, anajimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

Daktari wa usingizi akasema hesabu kurudi nyuma kuanzia mia. Mia. Tisini na tisa. Tisini na nane. Nimeng'ang'ania kama kupe! Nimefika tisini na nne, daktari akasema pole mama, tumemaliza.

Tumemaliza! Maji hayo! Nilikuwa macho mwanzo mpaka mwisho, hakuna neno lililonitoka. Nilitaka kumkumbatia mfamasia na roho yake mbaya. Chai ya wifi tu ndiyo ilinishangaza, wakati nafika tisini na nne ilikuwa imeshapoa na utando juu. Vyumba vya hospitali vina baridi sana.

Wifi kanishika mkono njia nzima. Mara moja tu alisema, pole. Nadhani ananionea wivu, maana hajawahi kusomwa na daktari yeyote.

Jumamosi, tarehe 8

Wifi ana mambo. Asubuhi kavaa viatu vya kutokea, kaenda mwenyewe kwa muuza nyama. Mwanamke kumfuata mwanamume dukani! Karudi na kilo mbili za nyama, anaimba puani. Kaniuliza, hivi wifi, nywele zako si zimefumuka? Nenda kwa msusi, mkaongee. Hilo "mkaongee" kalivuta kama mpira. Mimi nikajikuna.

Hata hivyo nina mpango, na huu haukosei. Siku ya kwanza ilikuwa maji. Kwa hiyo ya pili ni dawa, hata mwanangu wa darasa la pili angepiga hesabu hiyo. Nikilala nitaropoka. Dawa yake ni nini? Kuwahi! Kabla dawa haijanikamata, mimi mwenyewe nijifanye imenikamata, nianze kuropoka ninachotaka mimi. Msusi ndiye aliyechungulia kadi ya wifi mkobani. Msusi ndiye aliyeeneza. Wifi ataamini, maana mtu wa nusu kaputi hasemi uongo, ulimwengu mzima unajua. Baadaye nikiropoka ya kweli, itaonekana nimechanganyikiwa.

Nimejifanyia mazoezi ya kukoroma. Mume wangu kasema sihitaji mazoezi.

Alhamisi, tarehe 13

Mwandiko mniwie radhi.

Vibandiko vile vile, sindano ile ile, wifi na mkoba wake. Mia. Tisini na tisa. Tisini na nane. Nikafumba macho, nikaachia mdomo, nikakoroma kidogo. Nikangoja dawa. Haiji. Nikasema labda ni ya polepole. Nikaanza. Msuuusi... msusi kachungulia mkoba... kamsema wifi yangu mzuri... Nikatia na chozi, la jicho la kulia. Daktari akauliza, mama, unanisikia? Nikakoroma zaidi.

Mashine tu inalia ti, ti, ti.

Daktari akasema, mama, tafadhali usituharibie vipimo.

Nikafumbua jicho moja.

Akasema yeye hajui ndani ya bomba mlikuwa na nini, lakini mashine ina macho. Namba yangu ni tisini na nane. Akasema hata yeye mwenyewe baada ya kula mchana hafiki hapo. Wiki iliyopita ndipo niliposhuka mpaka sitini na moja, dakika arobaini nzima.

Dakika arobaini! Mimi niliyehesabu namba saba!

Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Wifi hakucheka. Alikuwa anakunja sweta yangu, taratibu, mkono kwa mkono. Akasema wiki iliyopita nilimwambia yote. Msusi, kitana, kadi, hata rangi ya kadi. Na birika lake nililolivunja mwaka juzi, ambalo hakuna aliyeniuliza. Kasema alinyamaza wiki nzima, akingoja nimwambie nikiwa macho.

Kisha akasema: na leo ulikuwa macho, wifi.

Sijalala kabisa. Hiyo niandike kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa, tarehe 14

Nimelia. Nimepiga magoti. Mume wangu alishaanza kufungua skrubu za kitanda, bila kuambiwa.

Wifi kaniacha nilie mpaka nikachoka, ndipo akasema. Jumamosi ile alikwenda kwa muuza nyama akamwambia miaka yake mwenyewe, bila kupunguza hata mwezi. Muuza nyama akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Kumbe na yeye ana sitini na moja, na aliyosema ni hamsini na mbili! Waongo wamekutana, ndoa iko palepale.

Tunabaki. Kitanda kinabaki. Sharti moja: miaka ya muuza nyama ni siri. Anawaonea haya wateja wake. Nisimwambie mtu mpaka ndoa ipite. Nikaapa. Mume wangu akaapa kwa niaba yangu, kisha akaomba na yeye apewe chumba chake peke yake ikitokea nikaropoka tena.

Nimelala kama mtoto.

Jumapili, tarehe 16

Nimelala vibaya. Siku mbili nzima sijasema! Neno limenikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki. Naogopa ni hatari kwa afya, na mwili huu ni wa utafiti.

Asubuhi nimekwenda kwa msusi. Ilibidi, gundi ya vibandiko imenila nywele za mbele. Sikumwambia. Naandika na ninarudia: SIKUMWAMBIA. Nimesema tu, hebu kisia. Akasema hamsini na tano. Nikasema panda. Akasema hamsini na nane. Nikasema panda, shoga. Alipofika sitini na moja mimi nikakohoa. Kukohoa si kusema, hata daktari atakwambia. Na tena kaapa haitoki pale, na safari hii kaapa kwa mikono miwili.

Tena kanipa wazo zuri sana. Kasema pale hospitali wanatafuta watu wengine, wa dawa ya kumbukumbu, nami nimefikiria nimwandikishe wifi bila yeye kujua, kisha nimsindikize mimi, nikae kando, nisikie ya kwake yo

Wifi ananiita sebuleni. Nasikia na sauti ya muuza nyama. Na nani huyo mwingine? Ni kama msusi. Analia.

Wifi anasema nije haraka, na nije na ufunguo wa chumba.