Tochi ya Pazia Ilivyozama Ziwani

Ripota ndiye aliyeleta moto asubuhi ile. Aliegesha pikipiki kando ya benchi la kahawa la Mama Dorotea, hapa Pasiansi, akavua kofia ngumu na kuanza kusoma kwenye simu hata salamu hajatoa:

"Taharuki! Taa ya ajabu yaonekana chini ya ziwa jana saa kumi na moja jioni! Waogaji watoka mbio na sabuni kichwani!"

Kwao anaitwa Kashindye, lakini bodaboda anayejua mambo ya abiria kabla abiria hajashuka tungemwita nani kama si Ripota?

"Imetoka wapi hiyo?" aliuliza Mzee Rwehumbiza bila kuinua macho kwenye kikombe. Huyu tunamwita Ibara. Alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu anatuhukumu sisi.

"Grupu la mtaa, mzee."

"Nani ameiandika?"

"Haijulikani. Imetumwa na kutumwa tena mpaka basi."

"Basi ni ya kweli hiyo," akadakia Venant. Yeye ni machinga, anatembea na ubao wa betri, vikata kucha na tochi ndogo za kuning'iniza kwenye funguo. Kila anachouza kina gerenti, na jina lake ni hilo hilo, Gerenti. Duka la kwenda kuidai hiyo gerenti hana.

"Wengine wanasema jini," Ripota aliendelea.

"Jini gani anawasha taa saa kumi na moja jioni?" Mama Dorotea alisonya, akimimina kahawa. "Ameshindwa hata kusubiri giza?"

"Labda kwao umeme unakatika usiku," Ripota alijibu.

"Acheni fiksi," Ibara alisema. "Kitu chochote kinachotoa mwanga chini ya maji lazima kiwe na chanzo. Tuanze na mashahidi."

Shahidi akaja mwenyewe. Alikuwa Nkwabi, fundi wa kushona mapazia kule Kiseke, ambaye hapa kijiweni ni Pazia tu. Siku zote huja akipiga mluzi. Leo alikuja kimya, macho mekundu, akakaa mwisho wa benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona hivyo? Umefiwa?"

"Ile taa ni yangu," Pazia alisema.

Benchi zima likageuka. Akatoa mfukoni tochi ndogo, ndefu kama kidole, bado ina kile kipete cha kuning'inizia funguo. Akaitikisa. Tone la maji likaruka na kutua kwenye kahawa ya Ibara.

"Mzee usinywe, kichocho!" Ripota alipiga kelele.

Ibara alikitazama kikombe, akatutazama, akanywa. Mahakama haitishwi.

Ndipo Pazia alipotueleza. Kuna dada anaitwa Hellen, muuza vipuri vya injini za boti kule Kirumba. Mzaliwa wa Ukerewe. Pazia anampenda kiasi kwamba alishamshonea mapazia ya dirisha la duka, na duka lenyewe halina dirisha. Jana, Jumapili, alimwomba waende wakapunge upepo kwenye mawe ya ufukweni. Alikuwa ameona video, jamaa anaibuka majini na pete inayomeremeta kwa taa, mchumba analia, watu wanapiga vigelegele. Akaona hilo mbona dogo. Pete akaifunga kwenye tochi kwa uzi wa mapazia, ule usiokatika.

"Nikasimama maji ya kiunoni," alisema. "Nikamwambia, 'Hellen, fumba macho.' Nikaiingiza tochi majini, nikabonyeza humo humo. Ikawaka! Ikawaka vizuri kabisa! Basi mguu ukateleza kwenye jiwe, mkono ukaachia. Tochi hiyoo, ikabingirika chini mpaka kwenye kina kirefu."

"Ikazima?" Gerenti aliuliza haraka.

"Haikuzima. Imelala kati ya mawe inawaka, maji yote yamekuwa kijani. Ndiyo waogaji wakaanza kukimbia."

"Mnaona?" Gerenti alisimama, akapiga kifua. "Mmesikia wenyewe! Imezama na inawaka! Mali yangu hiyo! Haiingii maji!"

"Subiri," Ibara aliinua kidole. "Kwenye pakiti pameandikwa nini?"

"Haiingii maji."

"Maji gani?"

"Mzee, kwani maji yana kabila?" Ripota aliuliza.

"Yana madaraja. Kuna maji ya manyunyu, kuna maji ya kutumbukia, kuna maji ya kukaa chini muda mrefu. Mtengenezaji makini huandika namba kuonyesha kifaa chake kinavumilia yapi. Hii imeandikwa namba?"

Gerenti aliigeuza tochi, akakodoa macho. "Imeandikwa... 'Furaha ya Familia.'"

"Hiyo si namba."

"Mzee, hii imetengenezwa kwa mvua, jasho na kunawa mikono. Mtu kwenda nayo kuogelea, tena aibonyeze humo humo majini, hayo ni makusudi. Ukibonyeza, kile kimpira kinafungua njia."

"Kwa hiyo inaingia maji."

"Haiingii. Maji yanakaribishwa."

Ripota alicheka mpaka akashika mti wa uzio. Mama Dorotea akalivuta beseni la kusuuzia vikombe katikati ya benchi.

"Tumbukiza nyingine humu," alisema. "Tumalize."

Gerenti hakuwa na pa kukimbilia. Alichagua tochi mpya kwenye ubao, akaiwasha ikiwa kavu, akaishusha kwenye beseni taratibu. Ikawaka chini ya vikombe. Tukapiga makofi. Gerenti akaanza kupokea pongezi kama bwana harusi.

"Sasa ibonyeze humo," Ibara alisema.

"Ya nini tena, mzee?"

Mama Dorotea hakungoja hukumu. Alitia mkono, akabonyeza. Ikazima. Akabonyeza tena. Ikawaka, lakini mwanga ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa usingizini. Viputo vidogo vikapanda juu, kimoja, kingine. Halafu giza.

"Mama, umebonyeza kwa hasira," Gerenti alilalamika.

"Nimebonyeza kwa kidole."

"Jamani!" Pazia alipaza sauti. "Mimi sijalala. Nina jambo limenikaba hapa. Nyie mnaogesha tochi!"

Tukaona aibu kidogo. Ripota alimshika bega. "Samahani kaka. Malizia. Ilikuwaje?"

"Niliruka."

"Uliruka wapi?"

"Kule kwenye kina kirefu, kuifuata pete."

"Pazia," Mama Dorotea alisema polepole, "wewe si mtoto wa kuchunga ng'ombe kule Kwimba? Kuogelea ulijulia wapi?"

"Sijui kuogelea."

Hapo hakuna aliyecheka. Pazia alitazama mikono yake.

"Maji yaliniingia puani, masikioni, kila mahali. Nikajua ndiyo nimekwisha. Hellen akanishika kola kwa nyuma, akanivuta kama gunia la dagaa, akanitupa juu ya jiwe. Halafu akazama tena. Alikuwa anauona ule mwanga. Akakaa chini muda mrefu mpaka nikaanza kulia. Alipoibuka, tochi ilishazima, imefia mkononi mwake."

"Imefia kazini," Gerenti alinong'ona. Ibara akamkanyaga mguu.

"Na pete?" niliuliza mimi.

"Akaifungua kwenye uzi, akaifunga kwenye ncha ya khanga, tochi akanirudishia. Mimi natetemeka pale nikamwambia, 'Hellen, naomba unioe.' Hata maneno yaligeuka. Akaniangalia, akasema, 'Tutaongea.' Akaondoka. Simu hapokei. Jamani, 'tutaongea' maana yake nini?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko la tochi, lakini kijiwe chetu hakijawahi kukimbia swali.

"Maana yake hapana," alisema Ripota.

"Maana yake ndiyo," alisema Gerenti. "Angekataa angerudisha pete."

"Ni kauli ya wakati ujao isiyo na tarehe," alisema Ibara. "Shauri limeahirishwa."

"Maana yake alikuwa amelowa na ana baridi," Mama Dorotea alisema. "Mwanaume karibu afe mbele yake, nyie mlitaka aimbe?"

Hawajakubaliana, mara Ripota akakohoa na kutuonyesha kwa kidevu. Dada mrefu alikuwa anashuka njia ya mawe, ovaroli ina madoa ya grisi, mikono mifukoni. Pazia alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," Hellen alisema.

"Marahaba, mwanangu," wote wawili waliitikia. Sisi wengine tulijifanya tunatazama beseni.

Hellen alimfuata Pazia mpaka mwisho wa benchi.

"Nkwabi, kwa nini uliruka?"

"Pete ilizama."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unaenda kufanya nini kule chini?"

Pazia alifikiri. "Sijui, Hellen. Miguu ilitangulia."

Hellen alimkazia macho, na midomo ilianza kumtetemeka. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Nilivyokutoa ulikuwa mzito, huna habari ya dunia," alisema. "Nimekaa usiku kucha nina hasira na wewe. Kumekucha, bado nina hasira. Nafungua duka, mteja ananiuliza plagi, nampa pampu. Nikasema siwezi kukaa hivi. Mtu nisiyempenda angenisumbua namna hii?"

Akatoa mkono mfukoni. Pete ilikuwa kidoleni. "Imeingia kwa shida, vidole vyangu vimezoea spana. Kutoka ndiyo haitoki kabisa. Nakubali."

Ripota aliruka na kupiga honi ya pikipiki mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Mama Dorotea akapiga kigelegele, kijiko cha kahawa mkononi. Pazia alijifuta macho kwa mkono wa shati, akamsogelea Hellen.

"Ngoja," Hellen alimzuia. "Kwetu ni kisiwani. Kuja kwa wazazi wangu utapanda chombo, na kurudi utapanda chombo. Sitaki kila safari niwe nakushika kola. Vua viatu."

"Sasa hivi?"

"Kwani una pazia gani la haraka?"

Akamshika mkono, wakateremka kuelekea majini. Sisi tukafuata, maana kijiwe kizima hakikuwa na kazi ya haraka kuliko hiyo. Mama Dorotea aliinua birika kutoka kwenye makaa, akajifunga khanga vizuri, akatupita njiani.

Hellen alimlaza Pazia chali kwenye maji ya magotini, mkono mmoja chini ya mgongo wake. Pazia alikuwa amekakamaa kama ubao, meno yanagongana.

"Legeza shingo. Angalia mawingu. Nimekushika."

"Usiniachie."

"Sikuachii."

"Inua kifua!" Ibara alipaza sauti kutoka ufukweni. "Pumua kwa mpangilio! Uzito ugawanyike sawasawa mwilini!"

Hellen aligeuka. "Mzee, kumbe unajua kuogelea?"

"Kinadharia, mwanangu."

"Basi njoo. Kuna mkono mmoja haujapata kazi."

Tukamsukuma sisi wenyewe. Aliingia na soksi zake, akilalamika kwamba hajapewa nafasi ya kujitetea. Na alipokuwa anapiga kelele kwamba maji ni ya baridi, Pazia alikuwa amelegea, masikio yako ndani ya maji, macho mawinguni, tumbo limeelea. Meno yalikuwa yameacha kugongana. Akaanza kupiga mluzi.