Nyama Ikiiva Vizuri Haibaki Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nilijua ni sumu. Mtu haamki tu na maumivu ya kisu tumboni, upande wa kushoto, bila mkono wa mtu. Mshukiwa nilishakuwa naye: shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki moja na sasa ana msumari wake wa kutundikia taulo. Namwita Bwana Paja. Kuku akipikwa, paja halijui njia nyingine ila ya sahani yake.

Daktari kaniharibia kesi. Kasema ni daivatikulaitisi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Kumbe utumbo mpana huota vifuko vidogo ukutani, na kimoja changu kimevimba. Dawa nimeze mpaka ziishe. Siku hizi za mwanzo ni supu iliyochujwa na vinywaji tu, halafu vyakula laini: wali mweupe, mayai, mkate mweupe. Nikipona ndipo nirudie maharage na mboga, kidogo kidogo. Nyama nyekundu niipunguze sana. Nikishikwa na homa nikimbie hospitali, nisije nikapasuliwa.

Alisema mengi. Lililobaki kichwani ni nyama.

Jumanne, 4 Machi

Chakula cha mchana: maji ya kuku. Kuku mwenyewe alikuwa mbele yangu, mdomoni mwa Bwana Paja, mfupa ukinyonywa kwa sauti. Haivumiliki!

Mpango. Nikatangaza kwamba daktari kasema ugonjwa huu ni wa nyumba nzima, hivyo sote tunywe supu iliyochujwa kama kinga. Nilitumia sauti ya taarifa ya habari. Jioni tulikunywa wote watatu. Raha iliyoje! Bwana Paja alitazama bakuli lake kama mtu aliyedondosha pete kisimani. Baadaye akaaga kwamba anakwenda kununua vocha. Akarudi midomo inang'aa mafuta.

Mke wangu hakutoka. Alipiga simu tu. Kwa daktari.

Kesho wao watakula vya kukaanga. Mimi nimeahidiwa kuwa mlango wa jikoni utaachwa wazi, harufu inifikie vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Maumivu yamekwisha! Nimeacha vidonge. Vimemaliza kazi yao, sioni sababu ya kuendelea kuvimeza bure.

Nimeruhusiwa wali na yai la kuchemsha. Kwa meno kama haya yangu, ni matusi. Nikafikiri kama mwanasheria. Daktari anataka vitu laini. Blenda hulainisha. Basi! Mke alipokwenda sokoni, nikatia ndani mabonge ya nyama ya kuchoma na kikombe cha chai iliyobaki. Mkono mmoja ulishika kifuniko, wa pili ulishika chumvi. Nikasahau ni upi unaotakiwa kukaza.

Mke akarudi. Akauliza ni nini hiki. Nikasema uji. Akatazama dari. Nami nikatazama dari. Bonge moja likachagua dakika hiyohiyo kushuka.

Mpaka jioni nilikuwa juu ya ngazi na ndoo. Bwana Paja alinishikia ngazi, akicheka hadi ikatetemeka.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja. Ni siku yake ya kuzaliwa, na nyama imechomwa uani tangu asubuhi. Kaniletea kwa mkono wake bakuli la viazi vilivyopondwa, akaniambia kula mwanangu, kula, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayeota meno. Mbele za wageni!

Nikafanya mkataba na adui. Bwana Paja aniletee sahani bafuni, mimi nimwachie rimoti mwezi mzima. Alisita. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamweleza kitaalamu: kilichokatazwa ni nyama nyekundu, na nyama ikiiva vizuri haibaki nyekundu. Inakuwa kahawia. Akaenda kutafuta sahani.

Nikala nimekalia ndoo, bomba nimelifungulia lifiche sauti ya kutafuna. Chozi likanitoka. La furaha! Nikaagiza nyongeza.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali. Dripu mkononi. Alfajiri niliamka na homa, tumbo gumu kama ubao. Nilimwita mama yangu, nikamwita mama mkwe, mwishowe nikamwita Bwana Paja. Ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye teksi.

Daktari kasema hawezi kuibebesha nyama lawama zote. Kosa kubwa ni vidonge nilivyoviacha njiani. Dawa za mshipa zisipotuliza uvimbe, watanipasua. Alisema kwa upole mno. Ningependelea anifokee.

Mke wangu alikuwa dirishani, kanipa mgongo, anafuta uso kwa ncha ya mtandio. Nikajaribu utani kuhusu ile dari. Hakucheka.

"Nikikukosa wewe, nibaki na nani?" akaniuliza. "Na huyu?"

Bwana Paja, aliyekuwa mlangoni na ndala mguu mmoja, akaangua kilio.

Niliogopa. Hilo naliandika hapa tu, nikiulizwa nitakana.

Alhamisi, 13 Machi

Sipasuliwi! Homa imeshuka, kesho narudi nyumbani.

Bwana Paja ameniletea supu kila asubuhi, na nusu yake amekuwa akiinywa mwenyewe, kwa kuwa aliapa hatagusa nyama mpaka nitoke. Niliguswa sana. Halafu nikaona suruali inamlegea. Kitambi kimemwisha! Mimi niliyelazwa, changu kipo palepale. Nimeacha kuguswa.

Jumatano, 26 Machi

Nimepona rasmi. Safari hii vidonge nilivimaliza, mke akinikagua hadi chini ya ulimi. Daktari karuhusu maharage, mboga na mkate wa ngano isiyokobolewa, ila niongeze polepole, na maji mengi.

Polepole ni kwa wagonjwa. Nilibeba kazini bakuli kubwa la maharage na kabichi nusu, nikamaliza vyote kwa mkupuo. Kazi yangu ni kukata karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Chumba chetu hakifunguliwi madirisha, karatasi zisipeperuke. Leo alasiri msimamizi aliyafungua yote kwa mkono wake. Karatasi zikapeperuka. Hakuna aliyebaki ndani kuziokota.

Nimehamishiwa uani, kufunga maboksi. Msimamizi kasema ni kwa afya. Sikumuuliza ya nani.

Jumapili, 30 Machi

Mimi ni mtu mwingine sasa. Nimemwapia mke wangu kwamba sitagusa nyama nyekundu mpaka daktari aniambie, naye kafurahi hadi kunishika mkono mbele ya mdogo wake.

Daktari kashauri pia nitembee kila jioni, kasema utumbo hupenda mwendo. Njia nimechagua mwenyewe. Ina vivuli, haina mlima, na pale kona pamefunguliwa jiko la mchoma nyama. Leo nilisimama kwake kupumzisha miguu. Akaniuliza anikatie wapi. Nikakataa katakata! Nikamweleza kwamba nimeapa, na kiapo changu ni kiapo. Aliniheshimu sana. Akafunika nyama yake, akasema basi ana maini.

Nikasimama pale nikayarudia kichwani maneno yote ya daktari, moja moja, kwa uaminifu.

Maini hakuyataja.