Kilima cha Madale Chapandishwa Cheo

Mwezi Februari, Bodi ya Miinuko na Vilele ilitangaza, kwa Waraka Namba Tatu, kwamba kilima kimoja cha Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam, kimepandishwa cheo na kuwa mlima. Kabla ya hapo kilikuwa na mita mia moja na kitu. Kuanzia tarehe ya waraka kilikuwa na mita elfu nne na mia mbili, kwa madhumuni yote ya kiutawala.

Sababu zilikuwa za msingi. Sheria iliitaka Bodi imtahini kila anayetaka kuwa mwongozaji wa wapanda milima, na imtahini mlimani. Milima iko mbali, Bodi iko Dar es Salaam, na baada ya vikao kumi na vinne ilionekana rahisi zaidi kuusogeza mlima. Makao makuu yakahamia kileleni, ndani ya makontena mawili yaliyopakwa rangi nyeupe kuwakilisha theluji, na watumishi wakaanza kupata posho ya hewa nyembamba. Wakazi wa kilimani, waliolala wakiwa mita mia moja na kuamka wakiwa elfu nne, hawakudhurika hata mmoja. Bodi ilitaja jambo hilo kama ushahidi wa maandalizi mazuri.

Noela aliusoma waraka huo ukiwa umebandikwa getini, bahasha yake kwapani. Alikuwa mzaliwa wa Masasi, mwenye miaka thelathini na minne, na kwa miaka tisa alikuwa mpagazi Kilimanjaro. Alikuwa amepanda mara mia moja na kumi na mbili, kilo ishirini za wageni kichwani. Daktari wa Moshi alimwonyesha picha ya shingo yake na kumwambia bila kuzunguka kwamba akibeba msimu mmoja zaidi, pingili mbili zitasagana na mkono wa kulia utakufa ganzi. Mwongozaji habebi zaidi ya begi lake mwenyewe. Kampuni iliyokuwa ikimtumia ilikubali kumpa nafasi hiyo akileta leseni kabla ya mwisho wa mwezi. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Aliyempokea ni Bi Mwanakombo, Katibu wa Bodi, mama mtu mzima wa pwani mwenye miwani na kauli laini, aliyezijua kanuni kama mtu anavyowajua wanawe, pamoja na tabia zao mbaya. Noela alimwamkia, akaketi, akajaza fomu. Penye uzoefu aliandika 112. Bi Mwanakombo alilikata jibu hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika sifuri, akimweleza kwa upole kwamba kisheria kupanda bila leseni hakuhesabiki. Alimweleza pia kwamba tangu Bodi ianze, mwaka mmoja na nusu uliopita, watahiniwa mia mbili na kumi na sita wamefanya mtihani na wote wamefeli kabla ya kufika mita elfu tatu. Haikuwa kwa ubaya. Bodi ilikuwa inalinda kiwango.

Mtihani ulifanyika kesho yake saa saba mchana. Mtahiniwa alitakiwa kumwongoza Mkurugenzi, Dokta Projestus, kutoka barabarani hadi kileleni, naye akiigiza mgeni. Kwa siku za kawaida Dokta Projestus alifika ofisini kwa gari, upande wa pili, kwenye lami. Siku ya mtihani alipanda kwa miguu, na kwa kuwa kanuni zilimtaka kila mpandaji awe na mavazi ya baridi kali, alivaa koti la manyoya ya bata, kofia ya sufu na glavu. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na nne.

Njia ilipita kati ya nyumba za watu. Kibao cha mita elfu moja kilikuwa kwenye shimo la takataka. Cha elfu tatu kilikuwa kwenye karai la Farida, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye alimtazama Mkurugenzi akipita, akamwonea huruma.

"Dada, huyo baba homa imempanda?" alimuuliza Noela. "Zahanati mmeipita kule chini."

Noela alisimama. Alikuwa ameshaona uso wa mgeni wake unageuka rangi.

"Mheshimiwa, vua hilo koti. Jua la saa saba hili, utachemka."

"Tuko mita ngapi?" aliuliza Dokta Projestus.

"Hapa? Tuko nyuma ya choo cha mtu."

Mkurugenzi aliandika kitu kwenye karatasi yake. Hatua mia mbili mbele, penye kibao cha elfu nne, alisimama na kusoma matokeo. Mtahiniwa amefeli kwa kosa la kuudharau mlima. Ataruhusiwa kuomba tena baada ya miezi kumi na miwili.

Noela alikuwa anahesabu siku, na hesabu ilikuwa fupi. Alipoinua macho, Mkurugenzi alikuwa anayumba. Basi miaka tisa ikafanya kazi yake yenyewe. Alimwambia atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole, kama wanavyopimwa wageni wanaozidiwa mlimani. Mkurugenzi alikanyaga hatua mbili, ya tatu ikaenda kwenye ukuta wa jirani. Alimuuliza jana alikuwa wapi.

"Jana ni lini?" alisema Dokta Projestus.

"Tunashuka."

"Umeshafeli wewe. Huna mamlaka ya kunishusha."

"Sina. Ila mtu akizimia anakuwaga mzito, na mie shingo yangu haitaki mzigo. Kwa hiyo utashuka kwa miguu yako, sasa hivi."

Alilifungua lile koti, akamvua kofia, akammwagia chupa nzima ya maji kichwani, na kumteremsha akiwa amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma, kama alivyoona wageni wengi wakiteremshwa. Walipita tena kwa Farida, ambaye aliwaongezea maji na kusema afadhali wamesikia.

Chini barabarani kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Noela alimketisha juu ya mifuko ya saruji, kivulini, na baada ya chupa tatu za maji akili ilimrudia, na cheo kikairudia akili. Aliagiza gari lake haraka. Usiku ule alikuwa anasafiri kwenda Ulaya, kwenye kongamano la milima, kuwasilisha mada kuhusu namna ya kuongeza milima bila gharama. Leseni ya Noela hakuitaja.

Bi Mwanakombo aliteremka na gari, lakini hakumfungulia mlango. Alikuwa na faili mkononi.

"Gari halitakuchukua, Mheshimiwa. Bado uko mlimani."

"Mama, nimekalia saruji."

"Naona. Ila Kanuni ya 22 inasema aliyepanda kwa miguu hadi juu ya mita elfu tatu hahesabiki kuwa ameshuka mpaka mwongozaji mwenye leseni amsainie Fomu ya Kushuka. Na aliye mlimani hapandi gari la serikali, wala hasafiri. Uliitunga mwenyewe, kuzuia watu kupotea."

"Basi asaini mwenye leseni."

"Hatuna. Tuliwafelisha."

Mwishehe, dereva wa bodaboda aliyekuwa ameegesha hapo, alisogea kumtazama vizuri.

"Kwa hiyo hapa mie naongea na mtu aliye juu?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Ni Bi Mwanakombo aliyepata njia. Kanuni ya 9 ilimruhusu Mkurugenzi, akiwa mlimani, kutoa leseni papo hapo. Na mlimani alikuwapo. Dokta Projestus alitazama saa, akatazama barabara, akatia saini juu ya goti lake. Penye mahali pa kutolewa, Katibu aliandika: mlimani, mita 4,000. Muhuri alikuwa nao kwenye pochi.

Noela aliikunja leseni, akaiweka kifuani. Kisha akaisoma Fomu ya Kushuka tangu mwanzo, taratibu, wakati dereva akiungurumisha injini. Kipengele cha sita kiliuliza kama mgeni anafaa kurudi kwenye miinuko. Aliandika: Hapana. Ameyumba, hakuijua jana, na alikataa ushauri.

"Andika ndiyo," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo ni uongo, Mheshimiwa. Na leseni yangu ina dakika nne tu."

Alitia saini. Kisheria Dokta Projestus akawa ameshuka. Bi Mwanakombo alisoma kanuni inayofuata kwa sauti ileile laini: asiyefaa haruhusiwi kuvuka mita elfu tatu, kwa miguu wala kwa chombo chochote, mpaka Bodi iridhike. Ndege, aliongeza, huruka mita elfu kumi na moja. Ofisi nayo iko elfu nne na mia mbili.

Asubuhi Noela alipanda basi la Moshi. Siku ya mwisho wa mwezi alikuwa amekwishapangiwa kundi lake la kwanza, wageni sita, na mzigo wake ulikuwa begi moja la mgongoni.

Habari nyingine alizipata kwa simu kutoka kwa Bi Mwanakombo, ambaye sasa ni Kaimu Mkurugenzi. Dokta Projestus amepewa meza ndani ya lile duka la saruji. Baada ya wiki mbili aliandika ombi rasmi kwamba kilima kirudishwe kwenye urefu wake wa asili, kwa masilahi ya umma. Ombi lilipelekwa kileleni kwa bodaboda ya Mwishehe. Bodi ililipokea, ikalijadili kwa kina, ikalisifu kwa hoja zake, kisha ikalirudisha chini bila kulishughulikia, kwa kuwa mwombaji hakufika ofisini yeye mwenyewe.