Tiki Moja Katika Wimbo wa Kufungia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema mapafu yangu yamechoka, nitengeneze mambo yangu mapema. Ninalo jambo moja tu: ubeti wa besi katika wimbo wa kufungia, tamasha la kwaya, Jumapili. Miaka yote ulikuwa wangu. Sasa mwalimu wa kwaya amempa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Ngurumo. Mimi nikae kiti cha mbele, nipungie watu mkono.

Hapana. Atakayesoma haya nikishaondoka ajue kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa akili timamu.

Jumanne, 4 Machi

Tovuti ya kwaya aliitengeneza mkwe wangu, mke wa mwanangu. Wakati wa chai nikamuuliza inavyofanya kazi, kwa sauti ya mzee mpweke. Akafurahi, maskini. Kuna jedwali la waimbaji na jedwali la nyimbo, akasema. Mwimbaji mmoja ana nyimbo nyingi, wimbo mmoja una waimbaji wengi. Basi katikati lipo jedwali la tatu linalotunza jozi tu: fulani na wimbo fulani.

Akaenda kazini. Mimi ni mlezi wa kwaya, ruhusa ya kuingia ninayo. Nikafungua ukurasa wa wimbo wa kufungia; mtandao ulikuwa unajikokota. Majina yakaja, kila moja na kisanduku chake cha tiki, vyote vitupu. Nikajua ni uvivu wa mwalimu, hajajaza. Nikatia tiki jina langu, nikabofya Hifadhi. Kazi safi! Hata Ngurumo sikuhitaji kumwondoa.

Jumatano, 5 Machi

Ngurumo amekuja na machungwa na uso wa msiba. Simu imemletea ujumbe kwamba ameondolewa kwenye wimbo. Nikampa pole, nikala machungwa yake. Kisha akasema soprano nao wameondolewa. Na alto. Na mpiga kinanda. Chungwa likanikwama.

Jioni mkwe akaeleza, macho yakiwa kwangu. Visanduku havikuwa vitupu. Tiki zilikuwa bado njiani. Na tovuti ikihifadhi hufuta jozi zote za wimbo huo, halafu huandika upya zile tu zenye tiki. Akauliza ni nani aliyefungua ukurasa. Nikakohoa. Kikohozi hiki kina faida zake.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe mkwe alikuwa amesharudisha majina yote kutoka kwenye nakala ya akiba. Mimi sikujua. Dhamiri ikanisumbua, ukurasa wangu wa juzi ulikuwa bado wazi, nikatia tiki kila jina na kuhifadhi. Kila jina, pamoja na la mwimbaji wa tenori tuliyemzika mwaka jana. Mjane wake akapata ujumbe kwamba mumewe awahi ukumbini, shati jeupe. Akampigia mwalimu simu: akifika, mwulizeni alikoweka ufunguo wa kabati.

Wakaja wote sebuleni. Nikakiri. Nikasema kiti cha mbele sikitaki. Nataka ubeti ule mara moja, kabla pumzi haijaisha. Ngurumo akasema, shemeji, si ungesema tu? Wimbo mmoja, waimbaji wengi. Mkwe wako ametengeneza jedwali zima kwa ajili hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Tumeimba wawili. Mstari wa pili pumzi ikakatika. Ngurumo akaupokea palepale, mimi nikaendelea kufungua mdomo. Ukumbi ulisimama. Mwanangu anasema sijawahi kuimba vizuri hivyo. Sikumsahihisha.

Jumatatu, 10 Machi

Mkwe ameirekebisha tovuti. Sasa hulinganisha kwanza: hufuta kilichoondolewa tu, huongeza kilichoongezwa tu, na ukurasa uliopitwa na wakati hukataliwa. Ruhusa yangu nayo imefutwa, amepewa Ngurumo. Sawa kabisa. Mtu wa hali yangu anahitaji utulivu.

Ngurumo, ambaye husahau kila kitu, ameniomba nimtunzie nenosiri lake la tovuti. Tamasha lijalo ni Juni. Sijawahi kuimba tenori, lakini nafasi ya marehemu iko wazi, na ni tiki moja tu. Safari hii nitasubiri visanduku vyote vijae kwanza.